Asya Ni wa Nani

Silima wa Shumba Viamboni, Pemba, alipofariki aliacha wajane wawili, nyumba mbili na mtoto mmoja. Mke mkubwa, Bi Mwatima, alikaa nyumba ya juu, karibu na msikiti. Mke mdogo, Bi Hija, alikaa nyumba ya chini, upande wa pwani. Baina ya nyumba hizo palikuwa na hatua mia na kitu, na kwa miaka kumi na moja wake wenza hao walikuwa hawasemezani ila kwa kupitia mtoto.

"Mwambie Mama Mkubwa tunataka chungu chetu."

"Mwambie mamako chungu chake nilikirudisha juzi. Atazame uvunguni."

Asya, ndiye mtoto mwenyewe, alipanda na kushuka na maneno hayo mpaka akajua kuyapunguza makali njiani. "Mama Mkubwa kasema ahsante," husema, na hakuna aliyekuwa amesema ahsante.

Kwa kuzaliwa, Asya alikuwa wa Bi Hija. Lakini siku chache baada ya kujifungua Bi Hija alishikwa na homa isiyoshuka, akavushwa Unguja, na huko akalazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena, hata miezi saba ikapita. Silima alipanda njia ya juu na kichanga mkononi, kimefungwa kanga, akasimama mlangoni kwa mke wake mkubwa. Bi Mwatima alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili wa tumbo lake, wala hakupata mwingine. Alinyoosha mikono. "Lete," alisema, na neno lake likawa hilo moja tu.

Bi Hija aliporudi alimchukua mwanawe, akashuka naye. Lakini mtoto alipojua kutembea alipanda mwenyewe. Basi akawa mtoto wa nyumba mbili: chai huku, chakula cha mchana kule, na usingizi pale utakapomkuta.

Walipomaliza eda ya Silima, wote wawili miezi minne na siku kumi, kila mmoja nyumbani kwake, ikaingia masika. Mvua ya siku ya tatu iliangusha ukuta wa jikoni kwa Bi Hija, na siku ya nne ukalala ukuta wa chumbani. Watu walipofika walimkuta Bi Mwatima keshatangulia. Alikuwa amesimama uani kwa mke mwenzake, maji yanamchuruzika usoni, mahali ambapo hakukanyaga kwa miaka kumi na moja.

"Chukua godoro," alimwambia Bi Hija. "Mie nitabeba masufuria."

Tangu siku hiyo wakakaa pamoja nyumba ya juu. Hawakupatanishwa na mtu, wala hawakukaa kitako kuyazungumza yaliyopita. Walianza na habari za chumvi na kuni, wakenda wakazoeana. Asya aliporudi likizo kutoka Unguja, alikokwenda kusomea uuguzi, aliwakuta wanagombana kwa midomo yao wenyewe, na alifurahi hata akatoka nje kucheka.

Wote wawili walikuwa katika kikundi cha wanawake waliolima mwani na kutengenezea sabuni. Sabuni zao zilipelekwa Wete, dukani kwa Burhan, na mkewe Burhan, Bi Rashida, ndiye aliyekuwa akizifunga karatasi nzuri na kuwatafutia wanunuzi. Bi Rashida ni Bohora, Mhindi kwa asili, mzaliwa wa Wete kama mamake na bibi yake. Alisomesha Kiingereza skuli kwa miaka thelathini, na ukimsikia bila kumwona huwezi kujua kwamba aliyesema si mtu wa Gando au Shumba. Mwaka wa nne tangu nyumba ya chini ianguke, alipata barua kutoka Norwei. Mwanamke mmoja mwenye maduka ya sabuni huko alitaka kuja kuwaona watengenezaji kwa macho yake.

"Basi angalau mjue kumkaribisha," Bi Rashida aliwaambia. Akawa anakuja Shumba kila Jumamosi na Jumanne, na ridha yake, lile vazi la Kibohora, ya rangi ya waridi, na mkoba wa vitabu, na wanawake kumi na wawili wanakaa kwenye mkeka katika chumba cha kukatia sabuni.

Salamu walizishika upesi. Kuhesabu walikuwa wanajua. Lililowakwamisha ni kusema kitu ni cha nani.

"Sisi," Bi Rashida aliwaeleza, "tukisema kitu ni changu, tunakitazama kitu. Kiti changu, nyumba yangu, mkoba wangu. Neno linabadilika kwa kufuata kitu. Wao hawatazami kitu, wanamtazama mwenyewe. Kiti au nyumba au mkoba, kikiwa changu ni 'mine' tu, basi. Cha mwanamume ni 'his'. Cha mwanamke ni 'hers'."

"Na sisi je, cha mwanamume na cha mwanamke?" aliuliza Bi Kijakazi, mkubwa kuliko wote.

"Chake. Wote wawili chake."

"Kwa hivyo Waingereza wana wivu," alisema Bi Kijakazi. "Hawataki mali ya mke ichanganyike na ya mume."

Walipomaliza kucheka Bi Rashida alitaka kuwajaribu. Akachukua kanga iliyokuwa imekunjwa kando ya Bi Mwatima, akainyanyua. "Whose is this? Ya nani hii? Mwatima, nijibu kwa Kiingereza."

Bi Mwatima aliitazama kanga, akaitazama tena. "Hers," alisema, akamwonyesha Bi Hija.

"Vizuri sana. Hija, is it yours?"

"No," alisema Bi Hija. "Hers." Akamwonyesha Bi Mwatima.

"Haya, kanga hii haina mwenyewe?"

Ikabidi waseme. Sikukuu moja, marehemu alinunua doti moja tu ya kanga, akaikata kati, akampa kila mke kipande, akidhani kafanya uadilifu. Bi Mwatima alimrushia kichwani. Silima akashuka nyumba ya chini kutafuta faraja, na huko nako akarushiwa. Vipande vyote viwili vilikaa sandukuni kwa miaka, na sasa viko kabati moja, rangi moja, jina moja, na hakuna anayejua kipi ni cha nani. Wanawake walicheka hata Bi Rashida akavua miwani, akajifuta macho. Hata hivyo aliona jambo, akaliweka moyoni. Siku zote akimuuliza Bi Mwatima kitu ni cha nani, hata awe ameshika viatu vyake mwenyewe, jibu lake ni "hers". Neno "mine" alilijua. Kulitamka ndiko kulikomshinda.

Jumanne nyingine Bi Hija aliuliza kwa nini "mine" haina herufi ile ya mwisho waliyonayo wenzake. Wengine wote wana "s": "yours", "hers", "ours", "theirs". Huyu kaachwa peke yake kwa nini?

Bi Rashida alifurahi kama mtu aliyeulizwa habari za kwao. "Zamani za zamani," alisema, "Waingereza walikuwa hawasemi namna moja. Wa kusini walikuwa wakisema 'ourn' na 'hern', kwa kuigiza hiyo 'mine'. Wa kaskazini walisema 'ours' na 'hers', kwa kuigiza 'his'. Kila mtu na kwao. Miaka ikenda, maneno ya kaskazini yakashuka mpaka mji mkubwa, yakaingia vitabuni. Yale ya kusini yakabaki kwa watu wa mashamba, ukiyasema skuli unachekwa."

"Kumbe nao wana Kipemba chao!" alisema Bi Hija.

"Wanacho."

"Na walioshinda ni wa kaskazini?"

"Wa kaskazini."

Shumba iko kaskazini kabisa ya Pemba. Wanawake walitazamana. "Sisi ukivuka Unguja ukafungua mdomo tu, washajua," alisema Bi Kijakazi. "Lakini nyie subirini. Miaka mia tatu hivi." Siku hiyo kila aliyesema "hers" aliivuta "s" yake mpaka ikasikika nje.

Mgeni alifika mwezi wa Juni, siku ya Alhamisi, wakati Asya yupo nyumbani likizo. Jina lake Inga, mwanamke mrefu wa makamo, mwenye nywele fupi na haya nyingi. Bi Rashida alikuja naye. Walimwonyesha mwani uliokauka, sufuria za kupikia na mafuta ya nazi, akanusa kila sabuni na kufumba macho alipofika kwenye ile ya karafuu. Kisha akakaribishwa chai nyumbani kwa Bi Mwatima, kwa kuwa ndiye mwenye sebule kubwa. Kulikuwa na mkate wa kumimina, sambusa, na chai ya mdalasini.

Salamu zilikwenda vizuri. Bi Hija alisema "You are welcome to our house" bila kukwama, na Bi Rashida akatikisa kichwa kwa fahari. Hapo Asya akaingia na sinia ya pili, kavaa baibui na mtandio wa kijani, akamwamkia mgeni kwa Kiingereza kilichonyooka. Inga akamwangalia, akatabasamu, akamgeukia Bi Mwatima aliyekuwa karibu naye.

"She's lovely. Is she yours?"

Bi Mwatima alilielewa swali neno kwa neno. Wiki tisa alizokaa mkekani zilikuwa za siku hii. Na Bi Hija yupo palepale, aliyeona uchungu wa kuzaa, na mbele ya mgeni mtu humpa mwenzake haki yake. Akanyoosha mgongo, akanyanyua mkono kwa adabu kumwelekeza mke mwenzake, akajibu kwa sauti iliyosikika nyumba nzima:

"No. She is hers."

Neno lilikuwa sahihi. Hata "s" aliitoa vizuri. Alimtazama Bi Rashida apate sifa yake, akaona Bi Rashida hamtazami yeye, anamtazama Asya. Asya aliiweka sinia mezani taratibu, akainyoosha ikae sawa, akatoka kwa mlango wa uani.

"Nimekosea?" Bi Mwatima aliuliza.

"Hukukosea," alisema Bi Rashida, macho yake kwenye mlango wa uani.

Bi Mwatima aliondoka kitini, akamfuata.

Asya alikuwa jikoni, amekaa juu ya mbuzi ya kukunia, anakuna nazi isiyohitajika. Alikuwa anakuna kwa nguvu, chembe zinaruka nje ya kombe.

"Asya. Nazi ya nini hiyo?"

"Ya kupikia."

"Tumeshapika."

Mtoto alizidi kukuna. Bi Mwatima alivuta kigoda, akakaa mbele yake, magoti yao yakakaribia kugusana.

"Nimesema nini kibaya? Niambie. Mie Kiingereza changu cha juzi."

"Kiingereza chako kizuri, Mama Mkubwa. Umeulizwa kama mie ni wako, umesema si wako." Aligeuza kifuu mkononi. "Umesema hapana."

"Nimesema u wa mamako. Si kweli?"

"Kweli. Lakini umeanza na hapana." Asya aliacha kukuna. "Tena si leo tu. Mie nina miaka ishirini na miwili, hata siku moja hujaniita mwanangu. Watu wote huniita mwanangu. Muuza samaki huniita mwanangu. Kondakta wa gari la Konde hanijui, huniita mwanangu. Weye huniita Asya. Ukifurahi sana huniita bibi wee. N'likuwa n'kidhani ndivyo ulivyo. Leo nimesikia kwa Kiingereza ndio nimejua."

Bi Mwatima aliinamisha kichwa, akawa anaokota chembe zilizomwagika, moja moja, anazitia kombeni.

"Ulikuwa na miaka saba," alisema mwishowe. "Uliugua masikio, ukalala kwangu wiki nzima. Siku uliyopata nafuu nilikuchukua kisimani. Nilikuwa nimekushika mkono, nawaambia wanawake, mwanangu kapona, mwanangu leo kala uji. Mamako akafika na ndoo yake. Akakuvuta mkono wa pili. Akasema, huyu wangu. Akasema, ukitaka mtoto zaa wako."

Asya alimtazama.

"Mbele ya watu, Asya. Na mie waliozaliwa nimewazika, na kila aliyekuwapo pale alikuwa anajua. Nilikuachia mkono. Nilipofika nyumbani nikaapa kwamba neno lile halitoki tena kinywani mwangu, lisije likakuvuta mkono mara ya pili. Wewe ulikuwa unalia, unavutwa huku na huku. Nilisema bora asiwe wangu kwa mdomo, mradi aje ale."

"Na nikaja."

"Ukaja. Kila siku ukaja."

Kivuli kilisimama mlangoni. Alikuwa Bi Hija, na birika tupu mkononi, amekuja kwa kisingizio cha chai. Haikujulikana amesimama pale tangu lini.

"N'lisema," alisema Bi Hija. "Hayo maneno n'liyasema, na kila siku ya Mungu nayakumbuka. Hata nikiwa kwenye mwani, nimeinama nafunga kamba, yanakuja."

"Hija, yameshapita."

"Hayajapita, uache n'seme." Aliiweka birika chini. "Asya, mie n'lipotoka Unguja hospitali nilikuwa sina nyama mwilini. N'livuka bahari naiwaza sura yako tu. N'kafika, n'kakupokea, ukaniona mgeni. Ukalia. Ukanyoosha mikono miwili kwa huyu. Miezi saba nilikuwa naomba n'sife ili n'kuone, na weye ukamtaka huyu. Basi wivu ule n'kaubeba miaka saba, n'kautua kisimani." Alimgeukia mke mwenzake. "Weye ulimweka hai mwanangu, mie n'kakulipa kwa kukutaja makaburi yako. Siku ya mvua ulipokuja na miguu yako kunibebea masufuria n'litaka n'seme. N'kakosa pa kuanzia. N'kasema, masufuria hayo yana masizi, utachafua nguo."

"Nakumbuka," alisema Bi Mwatima. "Na kweli niliichafua."

Bi Hija alicheka na kulia kwa pamoja, akakaa chini kwenye sakafu ya jikoni, kwenye nazi iliyomwagika na maganda, na nguo yake nzuri ya wageni. "Lile neno nalirudisha, Mwatima. Mbele yake huyu nalirudisha. Nisamehe."

Bi Mwatima alinyoosha mkono, akamshika mke mwenzake bega, akamtoa chembe ya nazi kwenye mtandio. Asya alishuka kwenye mbuzi, akajiweka katikati yao kama alivyokuwa akijiweka alipokuwa mdogo, miguu huku kichwa kule, na ingawa alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na miwili walimpokea, mmoja miguu, mwingine kichwa.

Bi Rashida alikohoa mlangoni. "Samahanini," alisema. "Mgeni wenu yuko huko ndani hana raha. Anadhani kavunja kitu."

Hapo wakamkumbuka Inga, wakaruka wote watatu. Bi Hija alijipangusa nazi, Bi Mwatima alinawa uso, wakarudi sebuleni wakiwa na macho mekundu na tabasamu pana, jambo lililomtia mgeni wasiwasi zaidi. Alisimama, akaanza kuomba radhi. Asya akamkalisha, akakaa kando yake, akamweleza. Alieleza kwa muda mrefu, kwa Kiingereza cha mbio ambacho hakikufundishwa mkekani. Mama zake walishika neno moja hapa, moja pale: mvua, homa, mkono. Wakamsikia akitaja majina yao wote wawili. Inga alivua miwani yake, akatafuta kitambaa mkobani asikipate, Bi Hija akampa ncha ya mtandio wake.

"Umemwambia nini?" Bi Mwatima alinong'ona.

"Habari zetu," alisema Asya.

"Zote?"

"Zote isipokuwa ya ile kanga. Hiyo mtamwambia wenyewe."

Bi Mwatima aliitazama sahani ya mgeni. Akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole kabla ya kuoga. "Mwanangu," alisema, na neno lilitoka zito, na kutu kidogo, "mkatie mgeni mkate. Hajala kitu."

Asya alikata mkate. Kipande kikatoka kinene upande mmoja. Bi Hija aliinama, akawa anapanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Inga aliondoka saa kumi na sabuni arubaini na barua ya kutaka nyingine. Bi Rashida alipokuwa anapanda gari alimvuta Bi Mwatima kando, akamwambia kwamba kwa jinsi alivyojibu mbele ya mgeni angempa maksi zote, lakini Jumamosi atamfundisha majibu mengine yanayofaa swali lile, achague. Bi Mwatima akasema Jumamosi hana nafasi. Jumamosi ni bamvua, maji yanakupwa mbali, na mwani haungoji mtu.

Na kweli, Jumamosi walikuwa pwani mapema, wote watatu, maji yakiwa magotini, wanafunga mwani kwenye kamba. Asya alilalamika kwamba mgongo unamuuma na vidole vimelainika kwa skuli. Alitakiwa kurudi Unguja wiki iliyofuata, na mama zake walikuwa hawajaafikiana. Bi Hija alitaka apande boti ya Jumatano, apumzike kabla ya masomo. Bi Mwatima alitaka Ijumaa, kwa kuwa mahindi mabichi ya shamba la Micheweni yatakuwa tayari Alhamisi, na mtoto hawezi kuondoka bila mahindi.

"Mahindi yanauzwa Unguja," alisema Bi Hija.

"Yale si mahindi. Yale ni mabua."

"Mwatima, mtoto ana mtihani!"

"Na mtihani aufanye na njaa?"

Asya alisogea mbele na kamba yake, akiwaacha nyuma wanabishana, mpaka sauti zao zikachanganyika na maji.